Likizo na Watoto Wadogo: Namna ya Kuipanga Ili Nanyi Mpumzike

"Mtoto wa miaka 2 umpeleke likizo, atakumbuka nini?" Swali hili huulizwa na ndugu, na marafiki, na wakati mwingine na mmoja wa wazazi wenyewe pale hesabu za safari zinapoanza kuuma. Jibu la kweli ni kwamba hatakumbuka chochote. Watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya umri wa miaka 3 au mitatu na nusu, yaliyotangulia yamefutika. Ila ukiifuata hoja hiyo mpaka mwisho, hata kumwimbia mtoto mchanga ni kupoteza muda, na sijakutana na mzazi anayeamini hivyo. Katika umri huo mtoto hahifadhi tukio, anajenga mazoea: kwamba huyu mtu mzima akiitwa hugeuka, kwamba nikianguka huniinua, kwamba nikimwonyesha mdudu naye huinama kumtazama.

Mazoea hayo hujengwa na muda, na katika nyumba nyingi kinachokosekana si upendo bali muda usio na haraka. Asubuhi ni "vaa upesi", jioni "ngoja kwanza", usiku "lala sasa". Mzazi mmoja anamkuta mtoto ameshalala, mwingine anamhudumia huku akili iko kwenye kazi ya kesho. Likizo ya pamoja ni njia ya kuliondoa neno "ngoja" kwa siku chache. Kwa hiyo likizo ya familia yenye watoto wadogo haipimwi kwa umbali wala kwa wingi wa picha. Inapimwa kwa jambo moja: je, watu wazima walikaa na watoto bila kukimbizana? Hatua zifuatazo zote zinalenga hapo.

Hatua ya 1: Tafuteni siku kabla ya kutafuta mahali

Wengi huanza kinyume. Wanapenda mahali fulani, wanaweka akiba, halafu tarehe zinakosekana. Anzeni na kalenda. Wazazi wote wawili wakae chini, waandike siku za likizo walizonazo kazini, kisha waombe siku zinazofanana mapema iwezekanavyo.

Kama unajisikia vibaya kuomba, kumbuka kwamba likizo si fadhila ya mwajiri. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, linataja haki ya kupumzika na likizo za mara kwa mara zenye malipo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 132 wa mwaka 1970 unaweka kiwango cha chini cha wiki 3 za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi, ingawa si nchi zote zimeuridhia. Mtoto naye ana kifungu chake: cha 31 katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kinachotambua haki yake ya kupumzika na kucheza. Sheria ya nchi yako ndiyo itakayosema idadi kamili ya siku zako. Isome kabla ya kumwendea msimamizi.

Je, ni bora likizo moja ndefu au kadhaa fupi? Kwa familia yenye watoto chini ya miaka 6, mimi niko upande wa fupi. Mwaka 2010 mtafiti Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 1,500 nchini Uholanzi. Waliokuwa wakisubiri likizo walikuwa na furaha kuliko wasio na likizo mbele yao. Baada ya kurudi, tofauti ilikuwa karibu imetoweka, isipokuwa kwa wale waliosema likizo yao ilikuwa tulivu mno. Utamu mkubwa basi uko katika kusubiri, na faida inayobaki hutokana na utulivu. Safari fupi tatu za utulivu zinakupa misimu mitatu ya kusubiri. Safari moja kubwa ya kukimbizana inakupa mmoja, na uchovu juu yake.

Hatua ya 2: Chagueni mahali kwa kumtazama aliye mdogo kuliko wote

Mtoto mdogo ndiye atakayeamua mwendo wa familia nzima, mpende msipende. Mchanga wa chini ya miezi 6 ni msafiri mwepesi kuliko watu wanavyodhani: ananyonya, analala, anabebwa. Kati ya mwaka 1 na 3 ndiyo kazi hasa. Anatembea lakini hajui hatari, anataka kila kitu lakini hawezi kueleza, na usingizi wa mchana ukikosekana kila mtu atajua. Kuanzia miaka 4 safari inalegea. Mtoto anaanza kuuliza, kuchagua, hata kubeba begi lake dogo.

Kwa hiyo ulizeni maswali haya kabla ya kulipia popote. Kutoka mlangoni hadi mlangoni ni saa ngapi, ukihesabu na kusubiri? Kuna mahali penye giza na utulivu pa kulala mchana? Kuna nafasi ya kukimbia bila kuvuka barabara? Kituo cha afya kiko umbali gani? Mkiweza, kaeni mahali pamoja siku zote. Kuhama kila baada ya usiku mmoja ni raha ya vijana wasio na nepi za kupanga.

Na kama fedha za safari hazipo? Kaeni nyumbani, lakini mkae kwa masharti, kwa sababu nyumba ina tabia ya kukumeza. Likizo ya nyumbani huharibika siku ya kwanza asubuhi pale mtu anaposema "ngoja nimalizie nguo hizi kidogo". Wekeni tarehe za kuanza na kumaliza kama mnaosafiri. Fueni na kusafisha siku moja kabla. Watangazieni jamaa na wafanyakazi wenzenu kwamba hampatikani. Kila siku tokeni nje mara moja, hata kama ni kwenye uwanja wa karibu tu, na usiku fanyeni jambo lisilo la kawaida: kulala wote sebuleni chini, kula sakafuni, kutazama nyota. Mtoto wa miaka 3 hapimi kilomita. Godoro likihamishwa tu, kwake hiyo ni safari.

Hatua ya 3: Gaweni kazi kabla ya kufunga mizigo

Hapa ndipo likizo nyingi hufia, na hapazungumzwi vya kutosha. Mara nyingi mzazi mmoja, na kwa kawaida ni mama, hupanga, hufunga mizigo, hukumbuka dawa, hulisha, huogesha, huamka usiku, kisha huambiwa "umependeza kwenye picha". Huyo hakwenda likizo. Kazi zake ni zilezile, mahali tu ndipo pamebadilika, tena pasipo na vyombo alivyozoea.

Chukueni karatasi. Andikeni kila kazi inayomhusu mtoto kwa saa 24, hata zile zisizoonekana: nani anajua nepi zimebaki ngapi, nani anakumbuka kwamba mtoto hajanywa maji tangu asubuhi, nani anatangulia kuamka. Kisha gawaneni kwa majina. Neno "tutasaidiana" halitoshi. Anayesaidiwa ndiye mwenye kazi. Afadhali zamu: asubuhi yako, jioni yangu, usiku wa leo wewe, wa kesho mimi. Mwenye zamu aachwe aifanye kwa njia yake, hata kama mtoto atavaa soksi zisizofanana.

Ongezeni kipengele kingine: kila mtu mzima apate angalau nusu siku yake peke yake. Alale, asome, atembee, akae tu. Wengine huona huo ni usaliti wa "pamoja". Mimi naona ndiyo dawa yake, kwani mzazi aliyepumzika nusu siku huvumilia jioni nzima ya kulialia. Na yule anayebaki na watoto peke yake hugundua mambo: kwamba mtoto anajua wimbo mzima, kwamba anaogopa vivuli, kwamba akiachiwa muda anavaa viatu mwenyewe. Mzazi ambaye kwa kawaida hana zamu ndefu nyumbani ndiye anayefaidika zaidi hapa, na mtoto pamoja naye.

Kwa mzazi anayelea peke yake, ushauri ni mfupi: usiende peke yako kama unaweza kuepuka. Shangazi, bibi, babu, rafiki mwenye mtoto wa umri uleule, yeyote unayemwamini akae na mtoto wakati wewe umelala. Mwambie wazi kabla ya safari kwamba ndicho unachomwomba.

Simu nazo ziwekwe kwenye mgao huu. Kubalianeni saa moja ya siku ya kujibu ujumbe, basi. Mtoto anayesema "nitazame" mara tatu huku unasoma barua pepe hajui kwamba uko likizo.

Hatua ya 4: Afya na hati

Anzeni wiki 4 hadi 6 kabla, kwa sababu baadhi ya chanjo huhitaji muda kufanya kazi. Chukueni kadi ya kliniki, mpelekeni mtoto kwa mhudumu wa afya, mumtajie mnakokwenda. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Familia inayochanja jana na kusafiri leo inaweza kurudishwa mpakani. Mkienda kwenye malaria, ulizeni dawa ya kinga inayomfaa mtoto kwa uzito wake, na mbebe chandarua.

Vitu vichache vya kubeba katika mfuko wa dawa: dawa ya homa ya watoto pamoja na kipimo chake, kipimajoto, pakiti za ORS (chumvichumvi za kuchanganya na maji kwa anayeharisha), plasta, dawa ya kusafishia vidonda, na dawa yoyote anayotumia kila siku, ya ziada kidogo. Pakiti ya ORS huchanganywa na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, si kwa kukisia. Mtoto anayeharisha na kukataa kunywa, au asiyekojoa kwa saa nyingi, au mlegevu kupita kawaida, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kesho. Mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa asisubiri hata saa moja.

Jua: aliye chini ya miezi 6 akae kivulini na avae nguo nyepesi ndefu, mafuta ya kujikinga na jua si ya umri wake. Wakubwa wapakwe, na warudiwe baada ya saa 2 au baada ya kutoka majini.

Kuhusu hati, nchi nyingi zinataka kila mtoto awe na pasipoti yake, hata wa wiki chache. Mzazi anayevuka mpaka na mtoto bila mzazi mwenzake anaweza kuombwa barua ya ridhaa ya yule aliyebaki, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ulizeni ubalozi au idara ya uhamiaji mapema.

Hatua ya 5: Mizigo

Bebeni kidogo kuliko mnavyodhani, isipokuwa mambo mawili: nguo za kubadilisha za mtoto, na kile kitu anacholala nacho. Kile kitambaa chakavu, kile kidoli kisicho na jicho, kikisahaulika nyumbani mtalipa kila usiku. Katika begi la mkononi wekeni fulana ya mzazi pia. Mtoto akitapika, hujitapikia yeye na aliyembeba.

Hatua ya 6: Njiani

Kwenye gari, kiti cha mtoto kinachofaa umri na uzito wake si anasa. Mdogo akae kwenye kiti kinachotazama nyuma kwa muda wote ambao vipimo vya kiti chenyewe vinaruhusu, na kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Simameni kila baada ya saa 2 hivi ili watoto wakimbie, sio wanyooshe miguu tu. Na mkisimama, mtoto asiachwe ndani ya gari hata kwa dakika chache. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda joto kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Kichefuchefu cha safari huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Sikio la ndani linasema "tunasogea", macho yaliyoinama kwenye kitabu au simu yanasema "tumekaa", na tumbo linalipia ugomvi huo. Mwelekezeni atazame mbali nje, fungueni dirisha kidogo, mpeni chakula chepesi kabla ya kuondoka, wala si tumbo tupu wala limejaa.

Kwenye ndege, maumivu ya masikio hutokea hasa inaposhuka, kwa kuwa kijia kidogo kinachounganisha sikio na koo hakisawazishi presha upesi. Kumeza husaidia. Mchanga anyonye, mkubwa anywe maji kidogokidogo. Kama mtoto amelala ndege inapoanza kushuka, kumwamsha ni uamuzi mgumu, lakini mara nyingi ndio sahihi.

Katuni njiani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri watoto wa chini ya miaka 2 wasipewe kabisa skrini, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku. Nakubaliana nalo siku 360 za mwaka. Siku ya safari ya saa 9, fanyeni mnaloweza.

Hatua ya 7: Mkiwa huko

Siku ya kwanza msipange kitu. Mtoto anahitaji kujua kitanda kiko wapi, choo kiko wapi, na kwamba nyinyi bado ni walewale. Mkiwa mmevuka majira ya saa, kadirieni siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti, na mtoeni mtoto kwenye mwanga wa asubuhi.

Baada ya hapo kanuni ni moja: jambo moja kwa siku. Lifanyike asubuhi, wakati wote wana nguvu. Mchana ni wa kulala. Jioni ni ya kuzurura bila mpango. Usingizi ndio nguzo ya yote haya. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku ukijumlisha na wa mchana, wa miaka 3 hadi 5 saa 10 hadi 13. Ratiba inaweza kusogea saa moja mbele, ila isivunjwe. Nusu ya vilio vinavyoitwa "kudeka" ni usingizi au njaa, na nusu iliyobaki ni mambo mengi mno kwa siku moja.

Mpeni kila mtoto zamu ya kuchagua. Mwenye miaka 3 apewe chaguo mbili, si kumi. Atachagua kurusha mawe kwenye maji kwa saa nzima huku mlilipia kuona jambo lingine. Kaeni mrushe naye. Ndicho mlichokijia.

Pakiwa na maji ya kina chochote, iwe bwawa, bahari, mto au ndoo, aliye chini ya miaka 5 awe umbali wa mkono wako. Mtoto huzama kimya, kwa muda mfupi sana, bila kupiga kelele wala kupunga mikono. Hatari kubwa huwa pale watu wazima ni wengi, kila mmoja akidhani mwenzake anatazama. Kwa hiyo mtajeni mlinzi wa maji kwa jina, kwa zamu fupi, na wakati wa zamu asishike simu. Maboya ya kupulizwa ni vitu vya kuchezea, hayachukui nafasi ya mlinzi.

Mtagombana. Familia zote hugombana likizo, kwa kuwa hakuna pa kukimbilia. Msiugeuze ugomvi wa saa 11 jioni kuwa hukumu ya safari nzima; lisheni watoto kwanza, walazeni, halafu zungumzeni. Mara nyingi mtakuta hakuna cha kuzungumza.

Hatua ya 8: Kurudi

Rudini na siku moja mkononi kabla ya kazi. Kuingia usiku wa manane na kuamkia ofisini hufuta faida yote kabla ya chakula cha mchana.

Kisha simulieni. Mtafiti Robyn Fivush na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba watoto ambao wazazi wao huzungumza nao kwa kina kuhusu mambo yaliyopita huja kuwa na kumbukumbu nyingi na zenye maelezo zaidi. Namna ya kuuliza ndiyo siri. "Tuliona samaki, sivyo?" huleta "ndiyo" na kuishia hapo. "Ilikuwaje yule samaki alipokurukia?" huleta hadithi. Akikosea, msimsahihishe upesi; ongezeni sehemu yenu: "Mimi nakumbuka ulijificha nyuma ya baba." Chapisheni picha chache, zile za mambo ya kawaida zaidi kuliko za kupangwa, mziweke mahali anapozifikia. Aliye na miaka 2 leo atakuja kuijua safari hii kwa kusimuliwa, na hilo si haba.

Wiki hiyohiyo, kabla kazi haijawameza, fungueni tena kalenda mwombe tarehe za likizo ijayo. Zikikubaliwa, mwenye miaka 5 aambiwe na atengenezewe karatasi ya kuhesabia siku. Wa miaka 2 aambiwe siku mbili tatu kabla. Kwake "mwezi ujao" na "kesho" ni kitu kimoja, na atawaamsha kila alfajiri amevaa viatu.